Je, Mtoto Huyu Atakuwa Mrefu?

Hapa Goma twasema upesi: “Mtoto huyu atakuwa mfupi kama babu yake.” Waganga wa hospitali nao hukadiria: hujumlisha kimo cha baba na cha mama, hugawanya kwa 2, kisha mvulana huongezewa santimeta 6 na nusu, msichana hupunguziwa hizo. Hata wao hukosea. Uchunguzi wa 2013–2014 ulionyesha kwamba watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5, zaidi ya 4 katika 10, walikuwa wamedumaa. Je, kosa ni la babu? Hasha! Ni njaa na magonjwa, hasa tangu mimba mpaka miaka 2. Basi, baba, sambaza na maharagwe vianzie kwa mama na mtoto, ndipo sahani yako. Akibaki mfupi, utu wake haupungui.