Simiyu Haina Ngome

Watu wanaopenda kusafiri kwa baiskeli wana ndoto inayofanana: njia nyembamba, kijiji cha kale, na kule mbele, juu ya kilima, ngome ya mawe. Ufaransa wameigeuza ndoto hiyo kuwa njia rasmi. Inaitwa Loire à Vélo, ina urefu wa kilomita 900 hivi, na inafuata mto Loire ikipita kasri baada ya kasri. Rafiki yangu wa Dar es Salaam aliziona picha za njia hiyo, kisha akaziona zangu, akaniuliza kwa utani: "Sasa wewe huko Bariadi unaendesha baiskeli kuangalia nini?"

Ni utani, lakini ndani yake mna swali zito. Je, nchi isiyo na magofu ina historia ya kuangaliwa? Na kama inayo, sisi tunaopita kwa starehe tunadaiwa nini na mahali tunapopita?

Tuanze na hizo ngome zenyewe. Kasri la Chambord lilianza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza. Lina vyumba zaidi ya 400. Mfalme mwenyewe, katika maisha yake yote, alikaa humo wiki chache tu. Mtu anayefika pale na baiskeli leo anaona uzuri, na kweli ni uzuri. Ila jiwe halisemi kwamba hapa waliishi watu wenye historia kubwa kuliko wengine. Linasema kwamba hapa palikuwa na mtu aliyeweza kuwafanya wengine wengi wabebe mawe kwa miaka mingi. Mabega yaliyobeba hayapo kwenye picha.

Usukuma nako palikuwa na watawala. Bariadi ilikuwa ndani ya utemi wa Ntuzu, na hadi leo wenyeji wa huku wanaitwa Wanyantuzu. Mtemi alikuwa na makao yake, na makao hayo yalijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Tusijidanganye kwamba ilikuwa pepo: watu walimlimia mtemi mashamba yake, wakamtii, na wengine wakamwogopa. Lakini utemi wake ulikuwa na masharti. Alihusishwa na mvua na rutuba ya ardhi. Pembeni yake walikaa banamhala, yaani wazee, na mvua ikigoma mwaka baada ya mwaka, mtemi aliweza kuondolewa. Alipokuja mwingine, aliweza kujenga kwake mahali pengine. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: mtawala anayejua kwamba ukame unaweza kumwondoa hana sababu ya kujenga ukuta wa kudumu miaka 500.

Basi mchwa wakala miti, nyasi zikaoza, na mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Kilichobaki ni ngoma na viti vya enzi, ambavyo baadhi vimetunzwa kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement. Na kimebaki kitu kingine ambacho wapenda lugha tungepaswa kujivunia kuliko mnara wowote. Makao ya mtemi kwa Kisukuma na Kinyamwezi yaliitwa ikulu. Kuta za ikulu hazipo, lakini neno lilitoka huku, likasafiri hadi Magogoni, na sasa limehamia Chamwino. Kila taarifa ya habari inayosema "Ikulu imetangaza" inapita bila kujua kwenye uwanja wa mtemi.

Ukitaka ngome ya mawe kweli kweli, ya karibu ni ile ya Ikoma, upande wa Mara. Waliijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwatawala watu wa huko. Ona sasa tunapofika: tukikubali kwamba historia ni mawe, itabidi tukubali pia kwamba historia ya eneo hili ililetwa na mkoloni.

Baiskeli yangu ni ya milimani, ya mtumba, yenye matairi mapana. Naisifu kwa jambo moja: mwendo wake. Gari linakupitisha haraka mno kuona chochote, na miguu haikufikishi mbali. Ukitoka Lamadi kuelekea Bariadi unaona mashamba ya pamba pande zote, unaona ng'ombe, unaona majabali yaliyokaa juu ya majabali kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Ukiacha lami na kushika njia za ndani wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye tairi mpaka linagoma kuzunguka. Unashuka, unakwangua kwa kijiti, na hapo ndipo unapata muda wa kutazama.

Huko ndani karibu kila mtu ana baiskeli, nyingi zikiwa Phoenix nyeusi. Hakuna anayeendesha bila mzigo. Kwenye keria kuna madumu ya maji, magunia ya pamba, mkaa, mgonjwa, au bibi harusi. Kijana mmoja aliendesha sambamba nami kama dakika kumi, akitazama keria yangu, kisha akauliza kwa mshangao: "Kaka, hujabeba kitu?" Swali lake ni zuri kuliko la rafiki yangu wa Dar. Huku kupita na keria tupu ni jambo linalohitaji maelezo.

Sasa, ukienda kwa mwendo huo, jicho linaanza kuona mistari. Kuna vijiji ambavyo nyumba zake zimejipanga kandokando ya barabara, wima, kama wanafunzi mstarini. Halafu unapita sehemu za wazi, mbali na nyumba yoyote, ambako kuna ua wa minyaa uliozunguka kitu kisichokuwepo. Mnyaa haufi upesi. Ulipandwa kuzunguka mji wa mtu. Mtu akaondoka, nyumba ikaanguka, mnyaa ukabaki. Kwa Kiswahili tuna neno la mahali kama hapo: mahame.

Mistari na mahame vinaeleza habari ileile. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa (ulianzishwa 2012), sehemu kubwa ya eneo hili ikiwa ndani ya Shinyanga, na huku Operesheni Vijiji ilipita kwa nguvu mwaka 1974. Wasukuma walizoea kuishi kwa kutawanyika, kila mji na mashamba yake na malisho yake. Ghafla wakatakiwa kujipanga. Lengo lilielezwa wazi: shule, zahanati na maji haviwezi kumfuata kila mtu porini. Na kweli, shule nyingi zilijengwa. Ni kweli pia kwamba wapo waliohamishwa kwa lazima, na wapo ambao nyumba zao ziliharibiwa ili wasirudi. Kweli hizi mbili hazifutani.

Hivyo ndivyo vijiji vyetu vya kihistoria, na ndiyo ngome yetu. Chambord ni amri ya mtu mmoja iliyogeuka mawe. Mstari wa nyumba pale kijijini ni amri iliyogeuka barabara. Tofauti ni kwamba ya kwanza inauzwa kwa tiketi, na ya pili tunaipita tukisema hakuna kitu.

Hapo ndipo swali la deni linapokuja. Kwenye kasri kuna kibao ukutani. Unasoma, unapiga picha, unaondoka bila kumsalimia mtu. Simiyu haina kibao. Ukitaka kujua ule ua wa minyaa ni wa nani, lazima ushuke, useme "Mwangaluka", ueleze wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, kisha usubiri. Historia ya huku inakudai adabu kabla haijakupa chochote.

Nilishuka hivyo kwa bibi mmoja aliyekuwa akianika karanga. Baada ya salamu ndefu nikauliza kuhusu minyaa iliyoonekana ng'ambo ya korongo. "Pale ni kwetu," alisema. "Kaka yangu kazaliwa pale, na mama kazikwa pale." Nikauliza walihama lini, na ilikuwaje siku ile. Akaendelea kutawanya karanga kwa kiganja. "Hayo yalishapita, mjukuu wangu. Kunywa maji."

Nilikunywa maji. Kama mwandishi wa habari ninazo mbinu za kumrudisha mtu kwenye swali alilolikwepa, na kazini nazitumia kwa viongozi bila huruma. Kwake sikuona haki ya kuzitumia. Yule bibi hakuapa popote kutunza kumbukumbu za taifa. Maumivu yake, kama yalikuwepo, ni mali yake, na mimi mwenye keria tupu siwezi kuyabeba kama zawadi ya safari.

Lakini wapo watakaolichukua jibu lake na kulifanya kanuni: wenyewe hawataki kukumbuka, basi tuyaache. Hilo nalikataa. Mtu mmoja ana haki ya kunyamaza. Jamii nzima haina haki hiyo. Yeye akinyamaza anajikinga. Sisi tukinyamaza, yaani shule, halmashauri, magazeti, na sisi tunaojiita watu wa vitabu, tunakuwa tunamkinga mtoa amri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amevuka 70. Wapo wanaotaka kusema na hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Mawe ya Chambord yatasubiri miaka mingine 500. Mzee hasubiri.

Nikipata mamlaka ya siku moja, sitajenga mnara Bariadi. Nitawapa watoto wa shule za msingi daftari moja moja, wakaulize nyumbani: kwetu palikuwa wapi kabla ya hapa? Atakayejibiwa aandike, na atakayeambiwa "yalishapita" aandike hivyo hivyo, maana hata hilo ni jibu. Daftari hizo zikijaa, zinaingia vizuri kwenye gunia moja, na gunia moja baiskeli inabeba.