Kabla ya Kumtaja Jirani

Oktoba 2001 Wakenya walitangaziwa kwamba barua iliyofika Nairobi kutoka Marekani imekutwa na vimelea vya kimeta. Hofu ilikuwa na sababu. Kule Marekani barua zenye unga wa kimeta zilikuwa zimeanza kuua. Hatimaye walikufa watu watano, wawili wao wafanyakazi wa posta. Lakini barua ya Nairobi ilipopimwa tena, haikuwa na kimeta.

Unga hupimwa tena. Je, mtu aliyekwisha kutajwa?

Wapelelezi wa Marekani walikuwa na wajibu wa kumtafuta mwuaji. Kuacha kutafuta kungekuwa kuwasaliti marehemu. Ila mwaka 2002 mwanasayansi Steven Hatfill alitajwa hadharani kuwa anafuatiliwa, bila kushtakiwa. Alipoteza kazi na jina. Mwaka 2008 serikali ilikubali kumlipa mamilioni ya dola, kisha ikasema hahusiki. Mwaka huohuo mwanasayansi mwingine, Bruce Ivins, alijiua kabla ya kushtakiwa. Jalada lilifungwa mwaka 2010 kwa kumtaja yeye, lakini hakuna mahakama iliyowahi kumsikiliza.

Wapendwa, nasi Bulwa tuna upelelezi wetu. Mtoto akifa ghafla, jina la bibi fulani huanza kutembea kabla matanga hayajaisha. Hakuna aliyelisema, kila mtu "amelisikia" tu. Jumapili bibi anakaa kwenye benchi peke yake. Nami, mchungaji, nimewahi kuliona benchi hilo nikanyamaza, nikauita ukimya wangu hekima.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther haishii kutukataza uongo anapoifafanua Amri ya Nane. Anatuagiza pia kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Kwa hiyo anayenyamaza naye ameivunja.

Basi tusiulize? Hapana, tuulize. Homa ilianza lini? Mtoto alikunywa maji gani? Zahanati ilisema nini? Maswali haya yanaweza kumwokoa mtoto wa pili. Uvumi hauokoi mtoto; unaongeza mtu wa pili wa kuliliwa.

Serikali ya Marekani ilikuwa na dola za kulipa. Sisi hatuna cha kumlipa bibi yule. Tuna nafasi iliyo wazi kando yake. Jumapili ijayo nenda ukaikalie, nami nitamsalimu kwa jina mbele ya wote.