Njia ya Nywele na Hukumu ya Macho

Kijana akihamisha njia ya nywele zake kutoka upande mmoja hadi wa pili, watu wa baraza hunong'ona: amebadilika, amepotea. Nasi twauliza: kilichobadilika ni kijana au ni macho yetu?

Ndugu zetu, imepokewa kwa Ibnu Abbas, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) kwanza aliziachilia nywele zake kama Ahlul-Kitabi, hali washirikina wakipasua njia, kisha naye akapasua njia. Waliomtazama waliona sura mpya, lakini ukweli na uaminifu wake havikusogea hata kwa upana wa unywele.

Hatusemi kuwa sura si kitu. Lakini mtu hujijua kwa kioo, nacho humgeuzia kulia kuwa kushoto; wenziwe humwona kinyume cha ajionavyo. Ikiwa hata nyuso zetu wenyewe hatuzioni kama wazionavyo wengine, vipi tudai kuuona moyo wa mwenzetu kwa njia ya nywele zake?

Qur'ani (49:12) imetuonya na dhana. Basi tupime sala, amana na ulimi. Kijana aliyegeuza njia ya nywele hajaiacha njia ya Mola wake. Tuchunge tusimfukuze msikitini sisi wenyewe kwa minong'ono yetu.