Gari Kuukuu na Zuhudi ya Uongo



Nyumbani Rumonge tuna Corolla ya mwaka 1990, mali ya baba mdogo. Imebeba madumu ya mawese, magunia ya ndagala wakavu na maharusi wawili. Ikizimika njiani, fundi yeyote anafungua kabureta kwa spana na bisibisi, safari inaendelea. Kisha jirani akanunua Premio ya 2008. Ndani kimya, kiyoyozi kinapuliza, lakini taa ya injini ikiwaka lazima atafutwe fundi mwenye kompyuta. Tulimcheka. Mimi nilidiriki kuwaambia vijana wa madrasa kwamba Corolla yetu ni zuhudi, na ile Premio ni kupenda dunia.

Likizo iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Bujumbura, mvua inanyesha kwenye barabara inayofuata ziwa. Karibu na Gitaza mbuzi alikatiza. Baba mdogo akakanyaga breki, magurudumu yakajifunga, gari likateleza hadi ukingoni, upande wa maji. Binti yake wa miaka sita alipasuka paji la uso. Hakufunga mkanda, kwa sababu mikanda ya nyuma ilikatika zamani. Alishonwa nyuzi nne. Alhamdulillah, amepona, ila kovu lipo.

Premio ile ina breki zinazozuia magurudumu kujifunga, mikanda mbele na nyuma, na mifuko ya hewa. Hatukuwa na uwezo wa kuinunua, na hilo si dhambi. Lakini mikanda tu tuliiweza. Fundi alituambia mara mbili, na mimi ndiye niliyejibu: "Hayo ni mambo ya matajiri."

Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri. Alibainisha kwamba hicho si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nilijipima kwa kipimo hicho. Nani alimdharau jirani? Nani aliambiwa haki na fundi akaikataa? Kumbe kibri hakikupanda Premio. Kilikuwa kimekaa nasi ndani ya Corolla.

Zuhudi ni mimi kuacha starehe yangu. Siwezi kuacha usalama wa mtoto wa mwenzangu, kisha nikajihesabia thawabu. Anayepanda gari lako ni amana, hata kama gari lenyewe lina umri kuliko wewe.

Sisemi kipya ni bora. Tunapolala kwenye foleni ya esansi, Corolla na Premio husimama mstari mmoja. Nasema tusiulize tu gari linasema nini kuhusu mwenyewe. Tuulize linawafanyia nini waliomo.

Sasa Corolla yetu ina mikanda ya nyuma, na breki zimetengenezwa. Jirani nilimwomba radhi. Alicheka, akasema kuwa siku taa yake ya injini ilipowaka, alitamani kabureta yetu.