Mzigo wa Sajini, Mzigo wa Kurutu

Kila ninapokutana na mtu aliyeitazama Full Metal Jacket, filamu ya vita aliyoiongoza Stanley Kubrick mwaka 1987, nasikia hukumu ile ile: nusu ya kwanza ni moto, nusu ya pili imepoa. Vijana wa hapa Bondeni, mjini Nakuru, wanaokesha na filamu kwenye simu husema hivyo. Wazee wenzangu, tulioitazama kwa kanda ya video katika kibanda chenye mabenchi miaka ya tisini, walisema hivyo hivyo walipotoka nje. Wengine waliinuka pale pale sajini alipouawa wakaenda kunywa chai, kwa kuwa kwao hadithi ilikuwa imekwisha. Mimi nilifundisha dini ya Kiislamu shuleni hadi nilipostaafu, na filamu hii sijaiacha kwa sababu ndani yake mna swali ambalo nimeulizwa pia barazani kwangu na watu ninaowajua. Mtu akifundishwa kuua, akaua, dhambi ni ya nani?

Nusu ya kwanza haitoki kambini. Ni Parris Island, kule South Carolina, ingawa waliopiga picha walitumia kambi ya Bassingbourn huko Uingereza. Makurutu wa Marine wananyolewa hadi ngozi ya kichwa, wananyang'anywa majina yao na kubandikwa mengine ya dhihaka. Sajini Hartman anayewapigisha kwata hajui kusema bila kufoka. Aliyemwigiza, R. Lee Ermey, aliwahi kuwa mwalimu wa makurutu wa Marine kweli kabla ya kuingia kwenye uigizaji, na inaonekana, maana matusi yanamtoka bila kutafutwa. Miongoni mwa makurutu yumo Leonard, kijana mnene, mzito wa kushika mambo, mwenye tabasamu lisilomtoka hata anapotukanwa. Vincent D'Onofrio aliongeza zaidi ya kilo 30 ili aigize nafasi hiyo. Sajini anampa kurutu mwingine, waliyempachika jina la Joker, kazi ya kumsaidia. Joker anamfundisha kufunga kamba za buti, kutandika kitanda, kupanda na kuvuka vizuizi bila kuogopa. Anamfundisha kwa upole, na Leonard anaanza kujiweza.

Kisha sajini anageuza mbinu. Anakuta donati imefichwa kwenye sanduku la Leonard, na tangu siku hiyo Leonard akikosea, wenzake ndio wanaoadhibiwa. Yeye anasimama anatazama, wao wanapiga pushapu. Usiku wanamvizia. Wanambana kitandani kwa blanketi, wanamziba mdomo, na mmoja baada ya mwingine wanampiga kwa vipande vya sabuni vilivyofungwa ndani ya taulo. Joker amebaki nyuma. Anasita, anahimizwa, anapiga. Na akishaanza hapigi mara moja kama wenzake. Anapiga tena na tena. Baadaye amelala kitandani mwake, ameziba masikio asisikie kilio cha mtu aliyemfundisha kufunga buti.

Ukiniuliza tukio zito kuliko yote katika filamu hii, ni hilo. Sajini hayumo chumbani. Hakutoa amri kwamba Leonard apigwe. Alichofanya ni kupanga adhabu ili wanyonge wageukiane, halafu akaenda zake kulala. Na Joker, aliyekuwa na huruma kuliko wote, ndiye mkono wake ulioshuka mara nyingi. Hatukuonyeshwa mtu mbaya akifanya baya. Tumeonyeshwa mtu mwema akipewa nafasi ya kusimama kando, akaikataa.

Mwisho wa nusu hii kila mtu anaukumbuka. Ni usiku wa mwisho kambini, chooni, Leonard ana bunduki yenye risasi za kweli. Anamuua sajini, kisha anajiua. Watazamaji wanatoka wameridhika kwa sababu hesabu imelingana: aliyeunda ameuawa na alichokiunda. Hapo ndipo ninapoona hatari ya kuipenda nusu ya kwanza peke yake. Inatupa mkosaji mmoja mwenye kofia pana na sauti kubwa, inamwadhibu mbele yetu, na sisi wengine inatuacha tukiwa walioonewa.

Nusu ya pili inatunyima starehe hiyo. Tuko Vietnam mwaka 1968, wakati wa mashambulizi ya Tet, na hatimaye tumefika mji wa Hue. Mji huo Kubrick aliujenga London, kwenye magofu ya kiwanda cha gesi cha Beckton, akaupandia mitende iliyoletwa kutoka Uhispania. Hadithi inatawanyika, sikatai, na kuna sehemu ningeweza kuishi bila kuziona. Joker sasa ni mwandishi wa gazeti la jeshi. Kwenye kofia yake ya chuma ameandika kwamba amezaliwa kuua, na kifuani amebandika nembo ya amani. Kanali anapomuuliza maana yake, anajibu kwa kumtaja mwanasaikolojia Jung na binadamu mwenye pande mbili. Wengi wanalichukua jibu hilo kuwa ufunguo wa filamu nzima. Mimi siamini. Ni jibu la kijana msomi aliyesimama kando ya kaburi la halaiki lililomwagiwa chokaa, ambaye bado hajamuua mtu huku wakitazamana. Kusema binadamu ana pande mbili si kazi, kabla hujaulizwa mkono wako mwenyewe ulifanya nini.

Swali hilo linamfikia mwishoni. Mdunguaji aliyejificha ameua askari watatu, mmoja wao rafiki wa Joker tangu kambini. Wanaingia kwenye jengo linaloungua, bunduki ya Joker inakwama, mwenzake anafyatua, mdunguaji anaanguka. Ni msichana. Yuko chini anahema, ananong'ona kwa lugha yake. Mmoja anauliza anasema nini, na Joker anajibu kwamba anaomba dua. Kisha msichana anawaomba wampige risasi. Askari mkali kuliko wote anataka aachwe hapo aoze. Joker anakataa aachwe. Basi mmalize wewe, anaambiwa. Kamera inamkazia uso muda mrefu, mpaka unatamani igeuke. Anafyatua.

Je, ile ni huruma au ni mauaji? Niliwahi kuliuliza darasa la kidato cha nne, nikiwasimulia tukio tu bila kuwaonyesha, wakagawanyika hadi kengele ikalia. Kwa fikihi niliyoisoma, anayekufa hawezi kumhalalishia mtu mwingine damu yake kwa kuomba auawe. Lakini ninaelewa kwa nini kijana mmoja mkimya wa dawati la nyuma alisema angefanya vile vile. Jambo ambalo hatukubishana ni hili: aliyeamua ni Joker. Hartman amekwisha kufa, hakuna wa kuamuru, hakuna wa kuadhibu. Mtu aliyepitia mikono ya sajini, mwenye kila kisingizio ambacho nusu ya kwanza ingeweza kumpa, amesimama juu ya msichana anayeomba dua na uamuzi ni wake. Dakika chache baadaye anaandamana na wenzake mbele ya miali ya moto wakiimba wimbo wa kipindi cha televisheni cha watoto.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa King's African Rifles. Alipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 chini ya mvua za monsuni, katika matope na malaria, hadi ikavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba. Hayo nimeyasoma vitabuni. Yeye hakunisimulia. Alichosimulia ni kambi: sajini aliyewafokea, buti la kwanza lililomchubua, Kiswahili cha jeshi kilichowafanya Mkamba, Mluo na Mkalenjin waelewane. Jioni alisimama uani, bakora begani, akatupigia kwata sisi wajukuu tukacheka hadi machozi. Ukimuuliza Burma, alianza kuitafuta tasbihi yake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba naye alituonyesha nusu ya kwanza tu. Watu wengi wanaweza kusimulia walivyotendewa. Walivyotenda, ulimi unakuwa mzito.

Mwishoni mwa Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi vilifika Nakuru. Nyumba zilichomwa, majirani wa miaka mingi wakawindana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa watu 1,133. Baada ya miaka kadhaa kijana mmoja ninayemfahamu tangu utotoni, sasa ni mtu wa bodaboda, alikuja kwangu baada ya swala ya isha.

"Mwalimu, sisi tulitumwa," akaniambia. "Tulipewa pesa, tukabebwa na lori. Wenye kututuma wako na magari makubwa, watoto wao wanasoma ng'ambo. Sasa ni mimi nitaenda motoni?"

Nilimuuliza kama mwenye nyumba waliyoichoma alikuwa ndani.

"Sikujua, Mwalimu." Akakaa kidogo. "Nilijua."

Nikamfungulia msahafu mahali pawili. Sura ya Al-Israa, aya ya 15, inafundisha kwamba hakuna nafsi inayobebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Sura ya An-Nahl, aya ya 25, inafundisha kwamba wanaowapoteza wengine watabeba mizigo yao yote Siku ya Kiyama, na pia sehemu ya mizigo ya wale waliowapoteza. Msomaji mwenye haraka ataona aya hizi zinapingana. Hazipingani. Kupoteza watu ni kitendo, na mwenye kukitenda atakijibia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilifafanua katika hadithi iliyomo kwenye Sahih Muslim: mwenye kulingania upotofu ana dhambi mfano wa dhambi za waliomfuata, bila kupunguza chochote katika zao. Bila kupunguza chochote. Watu wawili wakidaiwa kwa pamoja, mmoja akalipa, mwingine anapumua. Dhambi haidaiwi namna hiyo. Sajini anabeba mzigo mzima na kurutu anabeba mzigo mzima.

Jirani yangu mchungaji, ambaye tumebishana naye kwa miaka juu ya mambo mengi, katika hili tuko pamoja. Alinionyesha kitabu cha nabii Ezekieli. Sura ya 18 inakataa mtoto kubeba uovu wa baba na baba kubeba wa mtoto. Sura ya 33 inasema mlinzi anayeuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya aliyekufa itadaiwa mkononi mwake, ingawa aliyekufa amekufa katika uovu wake mwenyewe. Katika kitabu kimoja, kwa nabii mmoja, mzigo uko kwa wote wawili.

Na asije mtu akaniambia kwamba mafunzo yakishamwingia askari, hiari imekwisha. Hapa Lanet, karibu na sisi, tarehe 24 Januari 1964, askari wa batalioni ya 11 ya Kenya Rifles waliasi, muda mfupi baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Walikuwa warithi wa King's African Rifles, jeshi lililofundisha utii kwa viboko, lakini walichoshwa na mishahara yao na maofisa Waingereza waliobaki juu yao baada ya uhuru. Majeshi ya Uingereza yaliwazima, wengine wakafikishwa mahakama ya kijeshi. Siwasifu kwa kuvunja ghala la silaha. Nasema tu kwamba watu waliofundishwa kutii walipoona jambo linawagusa mfukoni, walijua namna ya kusema hapana. Anayeweza kukataa kwa ajili ya mshahara anaweza kukataa kwa ajili ya roho ya jirani.

Ndiyo maana naitetea nusu ya pili ya filamu ya Kubrick, pamoja na kutawanyika kwake. Na kwa anayetaka swali hili katika ardhi yetu, aitafute Something Necessary ya Judy Kibinge, ya mwaka 2013. Inamweka mjane Anne, anayejaribu kuliinua tena shamba lililoshambuliwa mwaka 2008, sambamba na Joseph, kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji na ambaye hawezi tena kuishi na alichokifanya. Kule Full Metal Jacket inakokatika, filamu ya Kibinge inaendelea: baada ya kukubali kwamba ni mimi, nifanye nini?

Yule mtu wa bodaboda nilimwambia atubu kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba haki ya binadamu haisamehewi msikitini. Amtafute mwenye nyumba au warithi wake. Alikasirika, akaondoka bila kuaga. Baadaye alirudi, safari hiyo na mkewe, kuniuliza nani angeweza kumsindikiza.

Kesi za wakubwa walioshtakiwa Hague kwa ghasia zile zilivunjika moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016, bila yeyote kutiwa hatiani. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Kijana wa Bondeni, wa Kaptembwa, wa Free Area, atakayekuita atakuwa amelala kwake wakati nyumba inaungua, na atajibu kwa Mola wake kwa kukuita. Wewe utajibu kwa kwenda. Usipande lori hilo.