Mtoto Aliyefiwa ni wa Nani?

Liko swali moja ambalo huulizwa mara nyingi siku ya kuondoa matanga, wakati jamaa wa marehemu wanapokaa pamoja kugawanya vitu vilivyobaki. Watu huuliza, Je, mtoto huyu sasa ni wa nani? Na jibu huja upesi, Ni wa yeye atakayemlisha. Sisi twaona kwamba jibu hili halitoshi. Twataka kulipima kwa mambo yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Wakati wa vita vikuu vya pili watu wa Nyanda za Juu Kusini walipokea wageni wa namna mpya: Wazungu wasio na mali, waliopoteza nchi yao, wengi wao wanawake na watoto. Hao walikuwa Wapoland. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwachukua kwa nguvu watu wa mashariki ya Poland, mamia ya maelfu, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa huko kwa njaa, baridi na maradhi. Mwezi wa Juni 1941 Wajerumani waliwashambulia Wasovieti, na baada ya hapo mapatano yakafanywa, Wapoland wakafunguliwa. Mwaka 1942 zaidi ya watu laki moja wakatoka kwenda Uajemi, na kutoka huko maelfu wakaletwa kwa meli mpaka Afrika ya Mashariki.

Katika Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, nayo ilikuwa na watu wapatao 5,000. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, katika nchi ya Iringa, na Kidugala, ambayo leo imo katika mkoa wa Njombe. Kidugala ilikuwa kituo cha Misheni ya Berlin, lakini wamisionari wake Wajerumani walikuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Hivyo nyumba zilizojengwa kwa kazi moja zikawapokea watu wa kazi nyingine. Makaburi ya Wapoland yako mpaka leo Ifunda, Kidugala na Tengeru.

Kati ya wakimbizi hao walikuwamo watoto waliofika bila baba wala mama. Vita vilipokwisha mwaka 1945, neno likawa gumu. Mipaka ya Poland ilikuwa imehamishwa, na vijiji vya wengi wao vilikuwa sasa chini ya Wasovieti wale wale waliowahamisha. Kambi za Tanganyika zikaanza kufungwa. Watoto hawa waende wapi?

Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru wakasafirishwa mpaka Italia, kisha Ujerumani, na mwisho Kanada. Shirika la kimataifa la wakimbizi ndilo lililowaongoza, na Askofu Mkuu wa Montreal, Joseph Charbonneau, ndiye aliyejitolea kuwapokea. Serikali mpya ya Poland ikapiga kelele mbele ya mataifa, ikisema kwamba watoto hao ni wake, nao wameibwa. Wale waliowachukua wakajibu kwamba wanawaokoa.

Twaombeni wasomaji waangalie vizuri shauri hili. Upande mmoja ulisema, Watoto ni wetu kwa damu na lugha. Upande wa pili ukasema, Watoto wako salama mikononi mwetu. Kila mmoja alisema kwa jina la upendo, na yamkini katika kila upande walikuwamo watu wenye nia njema. Lakini neno “wetu” ni neno la hatari. Shamba ni letu, ng’ombe ni wetu. Vitu hivi havina haki ya kutudai neno lo lote. Mtoto siye hivyo. Kwa hiyo swali lenyewe limepotoka tangu mwanzo. Haifai kuuliza mtoto ni wa nani, bali yatupasa kuuliza mtoto huyu anatudai nini.

Bila shaka anadai chakula, nguo na mahali pa kulala. Lakini yako madai mengine, nayo twaweza kuyajifunza kwa habari za watoto wa Uingereza. Tangu mwaka 1869, kwa muda wa miaka mingi, watoto wapatao 100,000 walipelekwa kutoka Uingereza mpaka Kanada, na baada ya vita vikuu vya pili maelfu wengine wakapelekwa Australia. Waliowapeleka walisema wanawatoa katika umaskini na kuwapa nchi yenye nafasi. Wengi hawakuwa yatima kabisa. Wengine waliambiwa kwamba wazazi wao wamekufa, kumbe walikuwa hai, na wako waliozeeka wakitafuta jina la mama. Wengi walifanyishwa kazi ngumu, na wengine walitendewa ukatili. Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, aliomba radhi mwaka 2009, na Gordon Brown wa Uingereza mwaka 2010. Radhi ilifika, lakini mama wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Basi twajifunza kwamba mkate peke yake haulipi deni lote. Mtoto anadai pia jina lake, na kweli juu ya wazazi wake, na nafasi ya kusikilizwa. Tena twaona kwamba si kila safari ni dhuluma. Yatima wa Tengeru aliyekuwa na miaka kumi na mitano, aliyekumbuka Siberia, akasema hataki kurudi chini ya mamlaka ile, alistahili kusikilizwa kuliko serikali iliyomdai na kuliko askofu aliyemwita.

Huenda msomaji atasema, Haya ni mambo ya Wazungu; kwetu yatima hapotei, maana yuko baba mdogo, yuko mama mkubwa, yuko nyanya. Ni kweli, na ni sifa njema ya watu wetu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipowaua wazazi wengi katika Mbeya na Iringa, nyanya walibeba mzigo ambao hakuna serikali ingeweza kuubeba. Lakini tusijisifu upesi. Je, hatujaona binti aliyefiwa, mwenye miaka kumi na miwili, akipandishwa basi la Dar es Salaam ili akawe mtumishi katika nyumba ya watu wasiojulikana? Jamaa husema, Amepata mahali. Mshahara wake hupokelewa na mtu mwingine, shule imekoma, na hakuna aendaye kumtazama. Basi si meli, na Dar es Salaam si Kanada, walakini jambo ni lile lile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 14, na ilitaka mgeni wa nchi nyingine akae Tanzania miaka mitatu mfululizo kabla ya kuruhusiwa kumwasili mtoto. Twawachunguza wageni kwa miaka mitatu. Na yule mama wa mjini anayekuja asubuhi kutafuta msichana wa kazi, twamchunguza muda gani?

Damu peke yake si ulinzi, wala mbali peke yake si uovu. Baba mdogo aweza kumuuza mtoto, na mgeni aweza kumlea kwa uaminifu. Kinachopambanua ni kama madai ya mtoto yanalipwa.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa dini na wazee wa sharika wafanye mambo machache yasiyo na gharama. Mtoto akifiwa, yaandikwe katika daftari majina ya baba yake na mama yake, na kijiji chao, na jamaa walio hai. Kabla hajapelekwa po pote aulizwe, naye apewe siku za kujibu, bila watu wazima kumkodolea macho. Aambiwe kweli kwa kadiri ya umri wake. Na akiisha kuondoka, atajwe mtu mmoja kwa jina lake, ambaye kazi yake ni kwenda kumwona kwa macho kabla mwaka haujaisha, na kuturudishia habari.