Kilele, Kufuru na Makao ya Ngai

Swali la iwapo binadamu anakufuru anapokanyaga mahali ambapo wenziwe hupaelekea kwa ibada ni zito katika Mlima Kenya, volkano iliyozimika zamani na kumomonyoka kiasi kwamba kilele chake cha leo si ukingo wa kreta bali ni kizibo, yaani mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano na kubaki umesimama baada ya kuta zilizouzunguka kuliwa na barafu. Kilele hicho, Batian, chenye mita 5,199, kilifikiwa mara ya kwanza na Halford Mackinder na waongozaji wake wawili mwaka 1899. Mwaka 1930 Eric Shipton na Bill Tilman walikipanda kwa mgongo wa magharibi, safu nyembamba iliyokatwakatwa na minara ya mawe, ambako mpandaji huligonga jiwe kwanza kujua kama limeshikamana, ndipo alitwike uzito wake.

Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga, na Mungu wao, Ngai, humwita pia Mwene Nyaga, yaani Mwenye Mng'ao, nao huugeukia mlima wanapoomba. Mtu aweza kudai kwamba wapandaji, kwa kufika juu wasimkute yeyote, waliibatilisha imani hiyo. Dai hilo ni dhaifu, tena lina kiburi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mila za Wakikuyu, anaeleza kwamba Ngai hukaa mbinguni, na mlima ni mahali pake pa kupumzikia anapoizuru dunia. Basi anayepanda ili kuthibitisha kwamba hayupo amefanana na mgeni aliyepiga hodi barazani na, asipoitikiwa, akatangaza kwamba nyumba haina mwenyewe.

Kama kufuru ipo, haimo katika nyayo bali katika neno "kuushinda" mlima, neno ambalo mgongo wa magharibi wenyewe unalikanusha, kwa kuwa kila hatua pale hutegemea jiwe ambalo mpandaji hakuliweka. Ajabu ni kwamba Mackinder mwenyewe alivipa vilele viwili vikuu, Batian na Nelion, majina ya malaiboni, yaani viongozi wa ibada na utabiri wa Wamaasai.

Mng'ao wenyewe sasa unapungua: barafuto ya Lewis, mto wa barafu uliokuwa mkubwa kuliko yote mlimani humo, imeyeyuka sana tangu siku za Mackinder, na wazee bado wanaomba wakiuelekea mlima uleule.